AK mpya, Galil ACE au ukoo wa M4: ulinganisho kwa jeshi linalofikiria kubadili bunduki yake ya msingi

Katika kambi zetu nchini Uganda bunduki ya AK haiitwi AK. Huitwa SMG, na jina hilo limezoeleka kiasi kwamba hata habari za magazetini hulitaja bila kulifafanua. Jeshi la UPDF lenyewe huhesabu umri wake kwa bunduki: kila inapofika Tarehe Sita, yaani Februari 6, hukumbukwa shambulio la Kabamba la mwaka 1981, ambapo wapiganaji wachache walianza vita wakiwa na bunduki 27. Ndiyo maana mjadala wa kuchagua bunduki mpya ya msingi huwa na hisia nyingi kuliko vipimo. Wapo wasemao kwamba SMG ndiyo iliyotufikisha hapa na isiguswe, na wapo wanaoona picha za askari wa nchi nyingine wakiwa na M4 ya Marekani yenye darubini, wakaamini kwamba usasa unatokana na umbo la silaha. Makala hii inalinganisha njia tatu zilizo wazi mbele ya jeshi kama letu, kwa vigezo vile vile, ili anayetakiwa kushauri au kuamua apate pa kuanzia.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni risasi, nami nimekitanguliza mbele ya bunduki yenyewe kwa makusudi. Bunduki hununuliwa mara moja ikatumika miaka thelathini au arubaini, lakini risasi hununuliwa, husafirishwa, hutunzwa na kufyatuliwa kila mwaka. Uganda ina kiwanda cha Luwero Industries huko Nakasongola, chini ya NEC, shirika la biashara la jeshi, kinachotengeneza risasi za silaha ndogo kwa jeshi ambalo silaha yake kuu ni SMG. Kubadili kipimo cha risasi maana yake ni kubadili mitambo au kuongeza mingine, kuwafunza mafundi upya, na kuendesha maghala ya risasi za aina mbili kwa kipindi chote cha mpito, ambacho kwa jeshi kubwa hakiwezi kuwa kifupi. Wafaransa waliuonja uchungu wa jambo hili. Bunduki yao ya FAMAS iliundwa kwa risasi yenye ganda la chuma iliyotengenezwa nchini mwao. Viwanda vyao vilipoacha kuzalisha, risasi zilizonunuliwa nje zikaisumbua, na mwaka 2016 wakaamua kuchukua HK416 ya Ujerumani.

Kigezo cha pili ni uimara katika mazingira tunayopigania, ambayo si ya aina moja: matope ya Rwenzori, vumbi la Karamoja, mchanga na hewa ya chumvi ya pwani ya Somalia ambako UPDF iliingia Machi 2007, na unyevu wa misitu ya mashariki ya Kongo ambako Operesheni Shujaa ilianza Novemba 2021. Cha tatu ni shabaha, pamoja na namna bunduki inavyokaa mkononi mwa askari. Cha nne ni mafunzo na vipuri. Cha tano ni swali lenye sehemu mbili ambalo wengi hulisahau: nani yuko tayari kutuuzia, na bunduki za zamani zitakwenda wapi.

Bei ya bunduki moja sikuifanya kigezo cha peke yake, kwa kuwa hubadilika kwa ukubwa wa oda na kwa masharti ya mkataba. Hesabu ya kweli ni bunduki pamoja na magazini (makasha ya risasi) zake saba, darubini, vipuri, vifaa vya fundi wa silaha na risasi za mafunzo, na mnunuzi anayeletewa bei ya bunduki tupu anapaswa kuirudisha ile karatasi.

Njia ya kwanza: AK ya kizazi kipya

Nasema AK mpya nikimaanisha bunduki za ukoo wa AK-103 na AK-203 za Urusi, pamoja na zile za viwanda vingine vyenye uzoefu mrefu kama Arsenal ya Bulgaria, Zastava ya Serbia na Norinco ya China.

*Risasi.* Hakuna kinachobadilika. Risasi ya 7.62×39 (kipenyo cha milimita 7.62, ganda la urefu wa milimita 39) iliyo ghalani leo itatumika kesho, na askari mwenye bunduki mpya anaweza kumpa mwenzake mwenye SMG ya zamani magazini yake wakati wa shida. Wanaodhani njia hii ni ya kurudi nyuma watazame India. Nchi hiyo ilikuwa na bunduki yake ya INSAS ya 5.56, ikaamua kurudi kwenye 7.62×39, na mwaka 2021 ikatia saini mkataba wa AK-203 zaidi ya laki sita, zitengenezwe katika kiwanda cha Korwa, wilaya ya Amethi.

*Uimara.* Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu nililoliona kwa macho lina uzito. Wakati wa mafunzo ya mchaka mchaka, mkufunzi wetu alitandaza gunia chini ya mwembe, akachomoa magazini, akaivuta nyuma boliti, kile kipande cha chuma kinachoifungia risasi ndani, kuhakikisha chemba, yaani mahali inapokaa risasi, ni tupu, kisha akaondoa mfuniko wa juu, springi, kibebeo cha boliti pamoja na pistoni yake, boliti yenyewe, na mwisho bomba la gesi. Vipande vilipangwa kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na sisi raia, walimu na wakulima, tukatakiwa kuvirudisha kwa mpangilio wa kinyume. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kibebeo cha boliti kilianguka kwenye tope, mama mmoja akakiokota, akakifuta kwa pindo la leso yake na kukirudisha mahali pake, na mtambo ukavutika bila kukwaruza. Siri yake ni nafasi: sehemu zinazosogea ndani ya AK zina uwazi wa kutosha baina yake, pistoni ni nzito na gesi inayoisukuma ni nyingi, kwa hiyo uchafu kidogo husukumwa kando badala ya kuuzuia mwendo. Mtutu na chemba hupakwa kromu ndani, jambo linalosaidia sana dhidi ya kutu ya pwani.

*Shabaha na mkono wa askari.* Huku ndiko uliko udhaifu wa AK. Risasi yake hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 715 kwa sekunde na huanza kushuka mapema, hivyo askari wa kawaida hawezi kuwa na uhakika mkubwa kupita mita 300 au 400. Kiwiko cha usalama kipo upande wa kulia, kinahitaji mkono uondoke kwenye kifyatulio, na kikishushwa hutoa mlio ambao usiku msituni husikika. Risasi za magazini zikiisha, boliti haibaki wazi kumjulisha mpiganaji. Katika bunduki za zamani mfuniko wa juu hutikisika na haufai kubeba darubini. AK-203 na wenzake wamerekebisha hilo kwa kuufunga mfuniko vizuri zaidi na kuuwekea reli, ingawa mnunuzi anapaswa kupima kama darubini inabaki na shabaha yake baada ya bunduki kufunguliwa na kufungwa mara ishirini.

*Mafunzo na vipuri.* Hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii. Kila mkufunzi wa shule ya makuruta ya Kaweweta anaijua, na askari wa LDU, yaani vikosi vya ulinzi wa maeneo, ambaye mafunzo yake ni ya muda mfupi, anaweza kuimudu.

*Muuzaji na bunduki za zamani.* Kampuni ya Kalashnikov iko chini ya vikwazo vya Marekani tangu Julai 2014, na malipo kwenda Urusi yamezidi kuwa magumu baada ya 2022. Hata hivyo wauzaji wa AK ni wengi, na hiyo ni nguvu ya mnunuzi. Tatizo zito ni la nyumbani. Risasi za jeshi zikiwa ni zile zile zinazoingia katika bunduki haramu za wezi wa ng'ombe, kila boksi linalovuja ghalani huwa chakula cha bunduki hizo. Hatujasahau kwamba mwaka 1979 ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa wazi, na kwamba zaidi ya miaka arubaini baadaye, Julai 2021, ilibidi ianzishwe operesheni ya Usalama kwa Wote kuwapokonya silaha watu wa eneo lile lile.

*Inamfaa nani.* Jeshi kubwa lenye askari wengi wa miguu, bajeti ya wastani, kiwanda cha risasi hizo hizo, na mapigano yanayotokea zaidi katika umbali mfupi.

Njia ya pili: Galil ACE na bunduki za namna hiyo

Galil ya kwanza ilipitishwa na jeshi la Israel mwaka 1972, na msingi wake ulikuwa RK 62 ya Finland, ambayo nayo ni mtoto wa AK. Kwa hiyo Galil ACE, toleo lake la kisasa, ni jamaa wa damu wa SMG aliyelelewa nyumba nyingine.

*Risasi.* Hutengenezwa kwa vipimo tofauti, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya pekee katika ulinganisho huu. Vietnam, yenye akiba kubwa ya 7.62×39 na maelfu ya AK, ilichukua leseni ya kuitengeneza ACE ya kipimo hicho hicho inayotumia magazini za AK. Colombia, yenye historia nyingine, imekuwa ikiitengeneza ya 5.56 katika kiwanda cha serikali cha INDUMIL. Jeshi lisilo na uhakika na kesho yake linaweza kuanza na kipimo kimoja, na likibadili baadaye, askari wake wakakuta mpangilio wa bunduki ni ule ule, ingawa litalazimika kununua bunduki nyingine.

*Uimara.* Mtambo wa ndani ni ule ule wa pistoni ndefu, na sifa zake kwa matope na vumbi zinarithiwa. Sehemu za plastiki ngumu hazishiki kutu, jambo lenye maana kwa kikosi kinachokaa Mogadishu mwaka mzima.

*Shabaha na mkono wa askari.* Hapa ndipo pesa ya ziada inapokwenda. Mkono wa kuvutia boliti uko kushoto, hivyo mkono wa kulia haubanduki kwenye kifyatulio. Kiwiko cha usalama hufikiwa kwa dole gumba. Kitako hurefushwa na kufupishwa kulingana na mwili wa askari na unene wa fulana yake ya kuzuia risasi. Na reli ya juu imetengenezwa kwa ajili ya darubini tangu mwanzo. Risasi ya 7.62×39 lakini haibadiliki tabia kwa sababu imeingia katika bunduki nzuri. Itashuka pale pale. Faida ni kwamba askari atalenga haraka zaidi na kwa utulivu zaidi ndani ya zile mita 300.

*Mafunzo na vipuri.* Aliyezoea SMG atahitaji siku chache kuzoea mkono wa kushoto. Vipuri, tofauti na magazini, vinatoka kwa mtengenezaji mmoja na wenye leseni yake, kwa hiyo mkataba usiotaja akiba ya vipuri vya miaka kumi ni mkataba pungufu.

*Muuzaji na bunduki za zamani.* Israel imekuwa tayari kutoa leseni za utengenezaji kwa nchi zinazoendelea, na kwa nchi yenye mafundi Nakasongola hilo ni jambo la kuliulizia mapema. Tatizo la risasi zinazovuja linabaki kama kwa AK endapo kipimo hakibadiliki.

*Inamfaa nani.* Jeshi linaloridhika na risasi yake lakini haliridhiki na bunduki yake, na lenye nia ya kutengeneza nyumbani.

Njia ya tatu: M4 na ukoo wake

Ukoo huu umegawanyika mara mbili, na kuchanganya matawi yake ni kosa linaloharibu mijadala mingi. Tawi la kwanza ni M4 yenyewe, ambayo hurudisha gesi ya baruti moja kwa moja hadi kwenye boliti. Tawi la pili ni bunduki zenye umbo kama lake lakini zenye pistoni fupi, kama HK416 ya Ujerumani, CAR 816 ya Falme za Kiarabu, na MPT-55 ya Uturuki.

*Risasi.* 5.56×45 ni risasi ndogo na nyepesi. Moja ina uzito wa takriban gramu 12, dhidi ya takriban gramu 16 za 7.62×39. Ukizishika kiganjani hutaona tofauti, lakini askari mwenye magazini saba za risasi 30 hubeba kama kilo 5.7 akiwa na magazini za chuma za AK, na kama kilo 3.3 akiwa na magazini za alumini za M4. Tofauti hiyo inalingana na zaidi ya lita mbili za maji, na aliyewahi kupanda milima ya Bundibugyo na mzigo mgongoni anajua lita mbili ni nini. Gharama ya faida hiyo nimekwisha kuitaja: mitambo, maghala na mpito.

*Uimara.* Historia ya M16, mama yake M4, inapaswa kusomwa na kila kamati ya ununuzi. Huko Vietnam, katika miaka ya 1966 na 1967, bunduki hizo zilikwama mikononi mwa askari wa Marekani, na wengine walikufa wakihangaika kuzifungua. Baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa, chemba haikupakwa kromu, na askari hawakupewa vifaa vya kusafishia wala mafunzo ya kutosha. Kasoro hizo zilirekebishwa, na M4 ya leo ni bunduki ya kutegemewa mikononi mwa askari anayeisafisha na kuipaka mafuta. Lakini vumbi bado linaisumbua kuliko jamaa zake wa pistoni. Katika jaribio la vumbi lililofanywa na jeshi la Marekani mwaka 2007, bunduki kumi za kila aina zilifyatua jumla ya risasi 60,000 kwa aina. M4 ilikwama mara 882, na HK416 mara 233. AK haikuwamo katika jaribio hilo, hivyo anayelitumia kuthibitisha ubora wa AK anakosea.

*Shabaha na mkono wa askari.* Ndiyo nguvu kuu ya ukoo huu. Risasi huruka kwa kasi kubwa na hushuka kidogo, teke lake begani ni jepesi, na kuruta aliyekuwa akifumba macho kila anapofyatua hupata nafuu mapema. Kiwiko cha usalama kiko chini ya dole gumba, na boliti hubaki wazi risasi zinapoisha. Katika uwanda wa wazi wa Shabelle ya Chini nchini Somalia, ambako adui huonekana mbali, faida hii ni ya kweli. Ndani ya msitu wa Ituri huko Kongo, ambako mtu hutokeza akiwa hatua thelathini mbele yako, faida hiyo hupungua sana.

*Mafunzo na vipuri.* Bunduki hii inadai nidhamu ya kuisafisha kila siku, na inadai kwamba mafuta yafike kituoni kabla hayajaisha. Jeshi lenye utaratibu mzuri wa ugavi lisiogope. Lile ambalo wakati mwingine hukosa hata maji ya kunywa ya doria lijiulize mara mbili. Kwa upande mwingine, vipuri vyake hutengenezwa na viwanda vingi duniani, na fundi wa silaha anaweza kubadilisha mtutu au boliti bila karakana kubwa.

*Muuzaji na bunduki za zamani.* Silaha za Marekani huhitaji idhini ya serikali yake, na upepo wa kisiasa kati ya Kampala na Washington umekuwa ukigeuka, kama tulivyoona Uganda ilipoondolewa katika AGOA, mpango wa Marekani wa biashara nafuu kwa nchi za Afrika, kuanzia Januari 2024. Kampuni ya Heckler & Koch inayotengeneza HK416 nayo ilitangaza kwamba haitafuti wateja wapya nje ya Umoja wa Ulaya, NATO na nchi zinazowekwa daraja moja nao, hivyo anayeisifu HK416 mbele ya kamati yetu anasifu bidhaa isiyo sokoni kwetu. Uturuki na Falme za Kiarabu ziko karibu zaidi. Kikosi cha Gorgor cha Somalia, kilichofunzwa na Waturuki, tayari kinabeba MPT-76, ndugu mkubwa wa MPT-55. Kuhusu kuvuja, 5.56 ina faida moja kubwa: risasi yake haiingii katika SMG iliyofichwa kichakani. Lakini jeshi likihama kipimo, SMG zake zote huwa za ziada, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi wanachama ziweke alama kwenye silaha na kuteketeza za ziada. Asiye na mpango wa kuziteketeza asihame.

*Inamfaa nani.* Vikosi maalumu, vikosi vya kulinda amani vyenye ugavi wa uhakika, na jeshi dogo la kitaaluma linaloweza kumpa kila askari risasi za kutosha za mazoezi.

Wapo watakaouliza kuhusu risasi kubwa zaidi, kama 7.62×51 ya G3 au 6.8×51 ya bunduki mpya ya Marekani iliyochaguliwa Aprili 2022. Kwa bunduki ya kila askari naziacha. Ni nzito, magazini ya hiyo bunduki mpya ya Wamarekani hubeba risasi 20 tu, nayo ilibuniwa kwa ajili ya adui mwenye fulana ngumu za kuzuia risasi, ambaye si adui wetu wa kawaida. Mlengaji mmoja katika kila seksheni anaweza kuzihitaji, na hilo ni suala la ununuzi mwingine.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa tatizo lililoko ni bunduki zilizochakaa, zenye mitutu iliyolika na magazini zilizopinda midomo, wakati mafunzo na ugavi ni vya wastani, AK mpya itatatua tatizo hilo kwa haraka kuliko nyingine, na sehemu ya fedha itakayookolewa ipelekwe kwenye darubini na risasi za mazoezi. Askari aliyefyatua risasi mia tatu mazoezini akiwa na SMG atampiga yule aliyefyatua kumi akiwa na M4.

Ikiwa risasi ya 7.62×39 itaendelea kutengenezwa nyumbani kwa miaka ishirini ijayo, na serikali inataka viwanda vyake vipande daraja kutoka risasi hadi bunduki, mazungumzo ya leseni ya Galil ACE yana maana zaidi, mradi mkataba utaje uhamishaji wa ujuzi kwa hatua na tarehe.

Ikiwa jeshi linapunguza idadi ya askari na kuongeza ubora wao, au sehemu kubwa ya kazi yake ni nje ya nchi chini ya ugavi wa pamoja na mataifa mengine, ukoo wa M4 wenye pistoni unastahili kupewa nafasi ya kwanza ya majaribio, ukianzia kwa vikosi maalumu ambavyo tayari vina maghala na wakufunzi wao.

Na ikiwa wanaoamua bado wamegawanyika, zinunuliwe bunduki za kutosha kombania moja kwa kila aina, zipelekwe Moroto wakati wa kiangazi, Bundibugyo wakati wa masika, na pwani ya Somalia kwa zamu nzima, zikiwa mikononi mwa askari wa kawaida na si wakufunzi bingwa. Kila kukwama kuandikwe siku hiyo hiyo na fundi wa silaha, pamoja na hali ya hewa, idadi ya risasi zilizofyatuliwa tangu bunduki isafishwe, na jina la kiwanda kilichotengeneza magazini iliyokuwa ndani.